Kwa nini walimtoa golikipa?



Toka ile siku ya posho tulifungwa 5 kwa 1 hapa kwetu, hakuna neno lingine linasemwa katika nyumba za kulala, wala kwenye bomba, wala kwenye mstari wa chakula. Wote wanasema neno moja: kocha alikosa. Golikipa wetu, kijana wa mwaka wa nne, alifungwa magoli matatu mbele ya mapumziko. Kocha akamtoa, akamwita mwingine aliyekuwa anaketi chini ya mwembe na kandambili miguuni, anakula muwa. Yule akavaa viatu mbio mbio, kamba moja haijafungwa, akaingia. Mpira wa kwanza uliomjia ulikuwa goli la nne.

Mulikuwa pale, muliona. Lakini nimesikia kama tunasema mambo mengi bila kujua tunasema juu ya nini. Mmoja anasema kocha hajui kazi. Mwingine anasema anamchukia yule kijana. Wa tatu anasema, na hili ni baya zaidi, kama kocha alipewa kitu na ile shule ingine. Njo maana nimeomba kurasa hizi katika gazeti letu. Ninataka tuangalie kwanza mechi ingine, ya zamani, ambayo hakuna mmoja wetu alicheza ndani yake, kusudi tuweze kufikiri bila kupandisha hasira. Kiisha tutarudi hapa kwetu.

Mechi ile ni ya tarehe 18 mwezi wa sita 1974, katika mji wa Gelsenkirchen, inchi ya Ujerumani ya Magharibi. Zaire, ni kusema inchi yetu kwa jina la wakati ule, ilicheza na Yugoslavia katika Kombe la Dunia. Tulifungwa 9 kwa 0.

Sisi vijana tunajua hesabu hiyo tu, kwa sababu wageni wanapenda kuicheka. Hatujui ile timu ilikuwa timu gani. Mwezi wa tatu wa mwaka uleule, Leopards walitwaa Kombe la Afrika kule Misri. Mechi ya mwisho na Zambia ilikuwa 2 kwa 2, ikarudiwa nyuma ya siku mbili, tukashinda 2 kwa 0. Magoli yote mane yalifungwa na mtu mmoja, Ndaye Mulamba. Katika mashindano yale alifunga magoli 9, na mpaka leo hakuna mtu aliyefikisha hesabu ile katika Kombe moja la Afrika. Tena Zaire ilikuwa timu ya kwanza kutoka kusini ya Sahara kufika Kombe la Dunia. Mbele yake Afrika ilikuwa imepeleka Misri katika 1934 na Moroko katika 1970, basi. Kwa hiyo tusiseme kama walienda kule watu waliookotwa njiani.

Golikipa wa kwanza alikuwa Kazadi Mwamba, wa TP Mazembe ya Lubumbashi. Timu ile, wakati ikiitwa bado TP Englebert, ilitwaa kombe la klabu za Afrika katika 1967 na tena katika 1968. Golikipa wa pili alikuwa Dimbi Tubilandu, wa AS Vita Club ya Kinshasa, ambayo ilitwaa kombe lilelile katika 1973. Basi huyu naye hakuwa mtu wa bure, ila alikuwa mfupi kwa kazi ya golikipa.

Na kocha? Kocha alikuwa Blagoje Vidinić, mtu wa Yugoslavia. Ndiyo, wa inchi ileile tuliyocheza nayo. Ni yeye alikuwa ameongoza Moroko katika Kombe la Dunia la 1970. Lakini jambo ninalotaka mulishike ni lingine: Vidinić mwenyewe alikuwa golikipa. Alikuwa katika timu ya Yugoslavia iliyotwaa medali ya zahabu katika Olimpiki ya Roma 1960, na mwaka uleule alisimama golini Paris katika mechi ya mwisho ya kombe la Ulaya, wakafungwa 2 kwa 1 na Warusi. Kama kulikuwa mtu mmoja pembeni ya kiwanja kule Gelsenkirchen aliyejua golikipa anaona nini, anaogopa nini, ni yeye.

Sasa mechi zenyewe. Ya kwanza, tarehe 14 mwezi wa sita, Dortmund, tulifungwa na Uskoti 2 kwa 0. Magoli mawili yaliingia mbele ya mapumziko, dakika ya 26 na ya 34, na nyuma ya mapumziko hakuna goli. Watu wa Ulaya walikuwa wanangoja mvua ya magoli, hawakuiona. Kazadi alicheza dakika zote 90.

Kati ya mechi ya kwanza na ya pili jambo la pesa liliingia. Wachezaji wenyewe wamelisimulia katika miaka iliyofuata: walisikia kama pesa walizoahidiwa hazitawafikia, wakataka wasicheze na Yugoslavia. Mwisho walicheza. Lakini mtu aliyelazimishwa kuingia kiwanjani hakimbii sawa yule aliyeingia kwa kupenda. Hili ninalitaja tu, kwa sababu kocha hawezi kulitengeneza katika dakika 90, na mimi ninaandika juu ya dakika 90.

Goli la kwanza, Bajević, dakika ya 8. La pili, Džajić, dakika ya 14. La tatu, Šurjak, dakika ya 18. Dakika ya 21 Vidinić anamtoa Kazadi, anamwingiza Tubilandu. Dakika ya 22 Katalinski anafunga la nne. Tubilandu alikuwa bado hajapata hata joto la mikono. Papo hapo fujo ikatokea, watu wetu wakamzunguka arbitre, mtu wa Kolombia, na mmoja akampiga teke kwa nyuma. Arbitre akamfukuza Ndaye Mulamba. Aliyepiga teke hakuwa Ndaye, alikuwa Mwepu Ilunga, na alisema wazi ni yeye, lakini arbitre hakusikia. Hivi dakika ya 23 haijapita na tumekwisha kupoteza golikipa wetu wa kwanza na mfungaji wetu wa kwanza, tena tuko 4 kwa 0. Mapumziko, 6 kwa 0. Mwisho, 9.

Zamu wetu, Papa munayemjua, alikuwa mtoto wa miaka kumi wakati ule. Nilikaa naye usiku mmoja kwenye moto wake nikamwuliza. Alisikiliza mechi kwa radio ya mjomba wake. Alisema: «Batu balizani radio iko inarudilia goli moja. Kiisha mjomba akaizima. Balianza kusema ule Muzungu ameuza mupira kwa bandugu yake.» Nikamwuliza kama yeye pia aliamini. Akajibu: «Nilikuwa mutoto. Niliamini ile bakubwa banasema.»

Basi tuanze na neno lile la kuuza, kwa sababu ndilo linarudiwa pia hapa kwetu. Ni kweli Vidinić alikuwa mtu wa Yugoslavia. Ni kweli tena Yugoslavia ilihitaji magoli mengi, kwa sababu katika kikundi kile kulikuwa na Brazil na Uskoti, na timu zikilingana ni hesabu ya magoli inaamua. Lakini kuhitaji kitu si ushahidi kama ulikinunua. Hakuna mtu aliyeonyesha ushahidi. Na fikirini: mtu anayetaka kuuza mechi atafanya kazi yake kwa kujificha. Atapanga ukuta vibaya, atamwambia winga asirudi nyuma, ataacha mtu mmoja bila mlinzi. Hatainuka katika dakika ya 21 mbele ya dunia nzima kumtoa golikipa, jambo ambalo kila mtu ataliona na kulikumbuka kwa miaka hamsini. Mimi ninaona wale waliosema aliuza walisema hivyo kwa sababu walishindwa kueleza jambo, na mtu aliyeshindwa kueleza jambo anatafuta mwizi.

Lakini kama hakuuza, je, alifanya vizuri? Hapana. Na hapa ningetaka tuelewe kwa nini, maana kumtoa golikipa si sawa na kumtoa mchezaji mwingine.

Winga akikimbia dakika 70 anachoka. Ukimtoa na kuweka mwenye miguu mipya, umepata kitu. Golikipa hachoki hivyo. Ukimtoa, mwenye kuingia hana nguvu zaidi kuliko yeye, bali ana hasara. Mikono yake ni baridi. Hajajua mpira unaruka namna gani katika ile nyasi, jua linatoka upande gani, yule mwenye namba 9 anapenda kupiga na mguu gani. Mabeki wamezoea sauti ya yule wa kwanza. Akisema «Acha!» wanaacha, akisema «Piga!» wanapiga. Huyu mpya akisema «Acha!», beki anageuza kichwa kwanza kuona nani anasema, na wakati ule mpira umekwisha kupita. Aliyewahi kucheza beki anajua ninalosema.

Tena wakati ule sheria iliruhusu kubadilisha wachezaji wawili tu, si watano sawa leo. Vidinić alitumia mmoja katika dakika ya 21. Akabakia na mmoja kwa dakika 69, na kati ya hizo karibu zote alikuwa na watu kumi. Kama alitaka kutumia nafasi moja mapema, ingefaa aitumie katikati ya kiwanja ao pembeni, kule mipira ilikotoka. Džajić alikuwa winga ya kushoto mwenye sifa katika Ulaya nzima, na mtu wa namna ile ukimwachia nafasi, hata ukiweka magolikipa wawili golini atafunga. Magoli matatu katika dakika kumi na nane si kazi ya mtu mmoja. Inafaa wengine kumi wasaidie.

Kuna tena hasara ingine ambayo haionekani. Kocha akimtoa golikipa nyuma ya goli la tatu, anawaambia wale kumi: kosa lilikuwa kule nyuma, ninyi hamukukosa. Hivi hakuna anayejichunguza. Na yule aliyetoka anapita mbele ya watu wote, peke yake, njia ndefu kuliko ya mchezaji mwingine ye yote, kwa sababu golini ni mbali na benchi.

Rafiki yangu mmoja wa darasa la hesabu, ambaye anapenda kunipinga, alinifanyia mahesabu. Alisema: Kazadi alicheza dakika 21, akafungwa 3, ni kusema goli moja kila dakika 7. Tubilandu alicheza dakika 69, akafungwa 6, ni kusema goli moja karibu kila dakika 11 na nusu. Basi kocha alifanya vizuri, golikipa mpya alipunguza magoli! Nilicheka, lakini nilikaa usiku nikifikiri, sababu hesabu yake haina kosa. Kosa ni katika kile alichohesabu. Timu inayoongoza 6 kwa 0 haikimbii tena sawa timu iliyo 0 kwa 0. Kati ya dakika ya 35 na ya 61 Yugoslavia hawakufunga hata moja, na sizani ni kwa sababu Tubilandu alikuwa amekuwa ukuta wa Babeli. Walikuwa wanapumzika. Na kama tunataka kuhesabu, tuhesabu yote: Kazadi alicheza mechi nzima na Uskoti, akafungwa 2, na mechi nzima na Brazil, akafungwa 3. Weka pamoja na zile dakika 21, ni dakika 201 na magoli 8, goli moja kila dakika 25. Rafiki yangu alinyamaza, akasema tutaongea nyuma ya mtihani.

Na munaona nimesema «mechi nzima na Brazil». Ndiyo. Tarehe 22, siku nne tu nyuma ya ile 9 kwa 0, nani alisimama golini mbele ya Jairzinho na Rivelino? Kazadi. Vidinić alimrudisha. Tulifungwa 3 kwa 0. (Mechi ile njo ile Mwepu alitoka katika ukuta akapiga mbali mpira wa adhabu wa Wabrazil, na watu wanacheka mpaka leo. Ina maelezo yake, lakini si ya leo.) Hilo kwangu ni ushahidi mkubwa kuliko yote: kocha mwenyewe hakuamini kama Kazadi alikuwa ugonjwa. Kama angeamini, asingemrudisha mbele ya Brazil, timu iliyokuwa imetwaa kombe miaka mine mbele.

Basi kwa nini alimtoa?

Vidinić alieleza kiisha. Alisema nyuma ya goli la tatu mkubwa mmoja wa wizara ya michezo, aliyekuwa amefuatana na timu, alimwambia amtoe golikipa yule. Naye akamtoa. Ni hivi tu.

Ninajua wengine watasema: mkubwa wa Leta wa wakati ule, wakati wa Mobutu, nani angemkataa? Ninakubali. Sisi tulio katika darasa, tunaoogopa hata kumwambia mwalimu wa disiplini kama saa yake inakwenda mbele, tusijifanye mashujaa wa 1974. Lakini hata hivyo ninamlaumu Vidinić nusu. Yule mkubwa alijua nini? Aliona mpira umeingia mara tatu, na pale mpira ulipoingia alimwona mtu mmoja, amevaa nguo tofauti na wengine. Mtu asiyejua mpira siku zote anamwona golikipa, kwa sababu goli linatokea mbele yake. Vidinić alijua. Yeye njo alikuwa amesimama pale Roma na Paris. Kama hakuweza kusema hapana, angeweza kuchelewesha. Angesema: «Ndiyo, mkubwa, acha yule wa pili apashe moto kwanza.» Kupasha moto kunaweza kuchukua dakika kumi, dakika kumi na tano, na mapumziko ni karibu. Katika inchi yetu kila mtu anajua njia ya kukataa bila kusema hapana. Mgeni yule hakuijua, ao alikuwa na haraka.

Nisifiche kama kubadilisha golikipa kunaweza kuwa jambo la akili. Mwaka 2014, tarehe 5 mwezi wa saba, Uholanzi ilicheza na Costa Rica katika Kombe la Dunia, mji wa Salvador kule Brazil. Ilikuwa 0 kwa 0 mpaka mwisho wa dakika 120. Hapo kocha Louis van Gaal akamtoa Cillessen, akamwingiza Tim Krul kwa penalti tu. Krul akazuia mbili, Uholanzi ikapita 4 kwa 3. Lakini angalieni tofauti. Van Gaal alikuwa amepanga mbele ya mechi. Krul alijua anaweza kuingia, alikuwa amejifunza wale wapigaji wa Costa Rica wanapenda upande gani. Krul ni mrefu kuliko Cillessen, na kwa penalti urefu wa mikono una maana. Na van Gaal alikuwa ameweka nafasi moja ya kubadilisha mpaka mwisho kusudi aweze kufanya hivyo. Hakuna mtu aliyempigia kelele. Siku chache nyuma yake, na Argentina, alikuwa amekwisha kutumia nafasi zote tatu, penalti zikafika, Cillessen akabaki, wakafungwa 4 kwa 2. Hata mwenye akili anapoteza. Lakini akipoteza kwa shauri lake, kesho yake anaweza kulieleza.

Na kuna kutobadilisha. Hii wengi munaikumbuka, ao munayo kwenye simu za ndugu zenu. Tarehe 31 mwezi wa kwanza 2015, mji wa Bata, robo fainali ya Kombe la Afrika, sisi na ndugu zetu wa Brazzaville. Dakika ya 55 tunafungwa la kwanza. Dakika ya 62 la pili. Magoli mawili katika dakika saba, na golini alikuwa Kidiaba, mtu wa karibu miaka 39. Mbele ya radio na televizio watu wangapi wa inchi hii walilia mutoe ule muzee? Ninajua baba yangu mdogo alilia, alinihakikishia mwenyewe kwa haya. Florent Ibenge hakumtoa. Dakika ya 65 Mbokani akafunga, dakika ya 75 Bokila, dakika ya 81 Kimwaki, na mwisho Mbokani tena. Tukashinda 4 kwa 2. Kidiaba akaruka kwa matako yake katika kiwanja sawa desturi yake, na wale waliolia atolewe waliruka pamoja naye nyumbani. Golikipa hakufunga hata goli moja kati ya yale mane. Lakini wale waliokuwa mbele walicheza bila kugeuka nyuma kuona nani amesimama pale.

Sasa nirudi kwetu, sababu niliahidi.

Siku tatu nyuma ya mechi nilikwenda kwa kocha wetu nyumbani kwake. Nilikwenda na kiburi kidogo, nilikuwa nimekwisha kuandika katika daftari makosa yake saba. Nilimwuliza kwa heshima: Mwalimu, kwa nini ulimtoa golikipa? Hakukasirika. Aliweka chini karatasi alizokuwa anasahihisha, akasema: «Sikutaka kumutoa. Goli la pili tu njo lilikuwa lake, la kwanza na la tatu ilikuwa ya mabeki. Lakini nilisikia masomo yote inalia.» Kiisha akaniangalia, hakusema neno lingine, akarudi kwenye karatasi zake.

Wasomaji wapendwa, munajua nilikuwa nasimama wapi. Nilikuwa nyuma ya benchi, karibu naye sawa vile niko karibu na huu ukuta. Mimi ndimi mkuu wa wanafunzi, kila asubuhi ninaita majina, sauti yangu inafika mpaka jikoni. Nyuma ya goli la pili nilianza mimi: «Toa gardien! Toa gardien!» Wa mwaka wa tano wakaitikia, wenye ngoma wakashika mwendo, mpaka wadogo wa mwaka wa kwanza waliimba bila kujua wanaimba nini. Kocha aligeuka mara mbili kutuangalia. Mara ya pili njo alimwita yule aliyekuwa chini ya mwembe.

Kwa hiyo kocha alikosa, ninaandika bila kuogopa, na ameniruhusu kuandika. Alikosa sawa Vidinić: alijua, na alimtii asiyejua. Tena ninaona kosa lake lina uzito kwa upande mmoja, kwa sababu Vidinić aliogopa Leta, lakini yeye aliogopa kelele ya watoto anaowapa maksi. Ingefaa atuache tulie mpaka tuchoke. Ila kati ya makosa saba niliyoandika katika daftari, nilibaki na hilo moja tu. Mengine yalikuwa ya kwetu.

Habari za kupewa kitu, ninaomba ziishe. Mwenye ushahidi aupeleke kwa Bwana Prefe kwa jina lake.

Yule kijana hajarudi kwenye mazoezi. Sasa ni siku ya kumi na mbili. Amehama pia meza yake ya chakula, anakula karibu na mlango. Jumatano nilimfuata kwenye jiwe la kufulia. Nilimweleza mambo ya Kazadi yote, dakika kwa dakika, sawa nilivyowaeleza ninyi. Alisikiliza huku anafua. Mwisho akasema: «Yaya, sauti yako niliijua. Nilikuwa nageuka kuona ni wewe.» Nilimwomba musamaha. Hakujibu, aliuliza tu kama ni kweli Kazadi alisimama na Brazil. Nikasema ni kweli. Akauliza alifungwa ngapi. Nikasema tatu. Akakamua shati lake, akaenda kulianika.

Mechi ya kurudiana ni siku ya posho ijayo, saa tisa, hapahapa kwetu. Kocha amesema jina la yule kijana atalisoma la kwanza, akija ao asipokuja. Tumeomba kamba kwa mwalimu wa kazi za mikono, tutaifunga miti kwa miti hatua kumi kutoka kwenye mstari, na upande wa benchi hatasimama mwanafunzi ye yote, hata wa darasa la mwisho. Ninahitaji watu sita wa kushika kamba pamoja nami. Wenye kupenda waniletee majina mbele ya Alhamisi jioni.